Gari Likiharibika Njiani: Saa Ambayo Habari za Ajali Huiruka

Usiku wa Jumatatu, Januari 13, 2025, gari lilipata ajali eneo la Chang'ombe, kata ya Segera, wilaya ya Handeni mkoani Tanga. Wananchi wa jirani wakatoka kwenda kuokoa. Ndivyo tulivyolelewa: mwenzako akipatwa na balaa huulizi ni nani, unakimbia. Wakiwa pale barabarani wanahangaika na majeruhi, lori likatokea likawaparamia. Watu 11 walikufa na wengine 13 wakajeruhiwa. Rais Samia Suluhu Hassan alituma rambirambi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Balozi Batilda Burian, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikalizungumzia tukio hilo.

Ukiisoma habari hiyo taratibu utaona kwamba ajali zilikuwa mbili. Ya kwanza ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Ya pili ndiyo iliyowaua. Katikati yake kuna muda ambao gari lilikuwa limekwama barabarani na watu wamelizunguka, na muda huo ndio wenye habari yote. Ulikuwa mrefu kiasi gani? Yupo aliyetumwa nyuma na tochi kuyapunguza mwendo magari yanayokuja? Pembetatu za kuakisi mwanga ziliwekwa, na kama ziliwekwa, umbali gani? Askari wa kwanza alifika saa ngapi? Maswali haya hayamfufui aliyekufa, lakini mtu yeyote anayeishi kando ya barabara kuu, awe wa Segera au wa Kakonko mkoani Kigoma, anayahitaji majibu yake kuliko anavyohitaji idadi ya maiti.

Nimesoma habari za ajali kwa miaka mingi, na nyingine nimezipitia nikiwa na kalamu ya kuhariri mkononi. Zimekatwa kwa kitambaa kimoja. Aya ya kwanza idadi ya waliokufa. Ya pili aina ya magari na namba zake za usajili. Ya tatu Kamanda wa Polisi wa Mkoa anathibitisha kutokea kwa ajali na kutaja chanzo: mwendo kasi, uzembe wa dereva, au kulipita gari jingine bila tahadhari. Aya ya nne dereva ametoroka na anatafutwa, au anashikiliwa. Ya tano miili imehifadhiwa hospitali ya wilaya. Kama gari lililogongwa lilikuwa limesimama, litaandikwa hivyo tu, kwamba basi liliigonga kwa nyuma semitrela iliyokuwa imesimama. Kwa nini ilisimama pale, tangu lini, na taa zake zikiwa katika hali gani, hakuna anayeuliza. Kesho yake gazeti lina habari nyingine.

Sababu zake zinajulikana kwa kila aliyefanya kazi hii mikoani. Mwandishi wa mkoa analipwa kwa habari iliyotoka. Eneo la tukio liko kilomita 70 au 80 kutoka mjini alipo, nauli ni ya mfukoni mwake, na chumba cha habari kinaitaka habari kabla ya saa kumi. Anampigia Kamanda simu, anapata maelezo ya dakika chache, anatafuta picha kwenye makundi ya WhatsApp, anatuma. Kamanda naye amepokea taarifa ya awali kwa simu kutoka kwa mkuu wa kituo. Kwa hiyo tunachokisoma asubuhi kama chanzo cha ajali ni dhana ya kwanza ya askari aliyefika gizani, iliyopita katika simu mbili. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi kwa kiasi chake, maana mwendo kasi unaua kweli. Ila ni nusu ya maelezo, na kila siku tunachapa nusu ile ile.

Nimelitafakari jambo hili zaidi kwa sababu ya barabara moja ninayoifahamu, ya nyanda za juu za Kigoma.

Kasanda ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Mkulima wa Kasanda anayepeleka maharage sokoni Kibondo, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, kijana anayekwenda kutafuta maisha Kahama, wote hujikuta kwenye barabara moja: ile inayotoka Kigoma, ikapita Kasulu, Kibondo na Kakonko, hadi Nyakanazi mkoani Kagera inakokutana na njia ya Kahama na ya Rwanda. Juu yake hupita mabasi ya Mwanza na Bukoba, malori ya chakula cha wakimbizi, Fuso za mahindi na ndizi, Land Cruiser za mashirika, bodaboda, baiskeli zilizosheheni mkaa, na watoto wa shule.

Kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya udongo. Mvua zikianza Oktoba, mwendo ulikuwa wa kubahatisha hadi Mei. Lori lilizama siku mbili, la nyuma likasubiri, foleni ikafungwa, na wanavijiji wakawauzia abiria mahindi ya kuchoma na chai. Mbali na tope kulikuwa na majambazi. Miaka ya 1990 na 2000, vita vya Burundi na Kongo vilipokuwa vikivusha bunduki mpakani, mabasi yalitekwa baina ya Nyakanazi na Kasulu. Ikafikia magari kwenda kwa misafara, na polisi wenye silaha kupanda ndani ya basi pamoja na abiria. Dereva yeyote mzee wa njia hii atakusimulia.

Mimi naamini mambo hayo mawili, tope na majambazi, ndiyo yaliyowafundisha madereva wa ukanda huu namna ya kuharibikiwa. Tope lilifundisha kusimama katikati ya njia, kwa sababu pembeni gari linadidimia. Hofu ilifundisha kuzima taa usiku na kukaa kimya, ili gari lisionekane toka mbali. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kukimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa kwenye mashimo yale, gari lililosimama katikati bila taa halikuwa tishio kubwa. Anayekuja angeliona, angesimama, angeshuka kusaidia kusukuma.

Kisha lami ikaja. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260.6, ikagawanywa vipande vinne: Kasulu hadi Manyovu kilomita 68.25, Kanyani hadi Mvugwe 70.5, Mvugwe hadi njia panda ya Nduta 59.35, na Nduta hadi Kabingo 62.5. Watu wa Kigoma waliisubiri barabara hiyo kwa kizazi kizima na wana haki ya kuifurahia. Safari iliyokula siku sasa inakula saa. Kuanzia Oktoba 1, 2023, mabasi nayo yakaruhusiwa tena kutembea usiku nchini, baada ya zuio lililowekwa miaka ya 1990. Barabara mpya ikapata mwendo mpya na usiku mpya kwa pamoja. Tabia ya kuharibikiwa haikubadilika; bado ni ya enzi za vumbi.

Utaiona jioni yoyote. Fuso imekata shafti kwenye mlima, imejaa magunia ya maharage hadi juu ya bodi. Tairi za kushoto zimegusa ukingo wa lami, za kulia zimo ndani ya njia kabisa; dereva hataki kulisogeza zaidi, kwa kuwa pembeni kuna mtaro wa zege na gari likilalia upande mzigo utapinduka. Utingo anaruka na jiwe, analisukuma nyuma ya tairi la nyuma, anafuata jingine. Halafu anapanda kwenye kingo, anavunja matawi ya mkaratusi, moja analilaza hatua nne nyuma ya gari, la pili hatua saba. Anajipangusa mikono, kazi ya tahadhari kwake imekwisha. Dereva yuko chini ya gari, simu yenye tochi ameing'ata mdomoni, na miguu yake imetokeza upande wa magari yanayopita. Pembetatu ipo. Iko chini ya kiti, ndani ya mfuko wake wa nailoni, na hutolewa askari wa usalama barabarani anapoiulizia. Taa za hazadi hazikuwashwa, kwa sababu betri ni chovu na kesho gari linatakiwa kuwaka. Abiria wawili waliopewa lifti wameketi chini, wameegemea tairi la mbele, wanasubiri.

Giza likiingia, mambo yote hayo yanakuwa hatari, na hesabu yake haihitaji mhandisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi na malori nchini, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayeona kitu gizani hutumia sekunde moja na nusu hadi mbili kukitambua na kupeleka mguu kwenye breki. Hapo ameshapita mita 33 hadi 44 bila kupunguza chochote. Breki zikishika sawasawa kwenye lami kavu, gari dogo linahitaji mita 35 nyingine kusimama. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi, na lami ikilowa zaidi ya hapo. Ongeza: ni mita 70 hadi 100, kwa dereva ambaye hajachoka na hajavunja sheria. Taa za chini za gari humulika kitu kisichoakisi kwa mita 40 hadi 60 tu. Tawi la mkaratusi haliakisi. Bodi ya Fuso iliyojaa vumbi haiakisi. Maana yake ni kwamba dereva aliye ndani ya sheria kabisa anaweza kuliona tawi la utingo wakati ameshachelewa, na gazeti la kesho litaandika mwendo kasi.

Ndiyo maana nasema umbali wa ile alama nyuma ya gari ni jambo la uhai. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinataka pembetatu iwekwe si chini ya mita 45 nyuma ya gari, na kwenye barabara kuu za mwendo mkubwa kinakataza kabisa kuiweka, kwa kuwa kutembea kando ya njia hizo ni hatari peke yake. Hispania imekwenda mbali zaidi: kuanzia Januari 1, 2026, pembetatu imebadilishwa na taa ndogo ya kumweka ambayo dereva huiweka juu ya paa bila kutembea barabarani, kwani watu walikuwa wanagongwa wakienda kuziweka. Ufaransa tangu 2008 inadai kila gari liwe na pembetatu na kizibao cha kuakisi mwanga. Marekani, majimbo yote 50 yana sheria inayomtaka dereva apunguze mwendo au ahamie njia ya pili anapokuta gari la uokoaji limesimama pembeni. Nchi hizo zina taa za barabarani, magari ya kuvuta yanayofika upesi, na mabega mapana ya barabara. Kama wao wameona haja ya kujilinda hivyo, sisi wenye kona za Kasulu na giza la Kibondo tuna haja maradufu.

Sasa dereva afanye nini? Nitasema kama ninavyowaambia ndugu zangu wanaoendesha njia hii.

Gari halifi ghafla kila mara. Likianza kugonga, kunuka au kuchemka, usililazimishe limalize mlima. Tafuta tambarare, njia ya kuingilia kijijini, kituo cha basi, uwanja wa shule, ungali na nguvu ya kulipeleka. Likizima kwenye mteremko, liache liviringike taratibu hadi linapoonekana toka pande zote mbili, maadamu breki zinashika. Mahali pabaya kuliko pote ni nyuma tu ya kona au baada tu ya kilele cha mlima, na mtu akikwama hapo, alama yake lazima iwekwe kabla ya kona, kabla ya kilele, upande ambao anayekuja bado ana nafasi ya kufikiri. Hesabu hatua ndefu 100 kwenda nyuma. Mchana na kwenye njia iliyonyooka waweza kupunguza, usiku usipunguze. Barabara zetu ni za pande mbili, kwa hiyo weka nyingine mbele. Unapokwenda kuiweka, tembea nje ya lami, ukiyatazama magari, na pembetatu umeishika mbele ya kifua ili ikuangazie kabla ya kuliangazia gari. Hazadi iwake. Betri inanunuliwa.

Kama huna pembetatu, matawi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila yapeleke mbali, yawe mengi, na mtu mmoja asimame nje ya barabara na tochi. Kizibao cha kuakisi kama wanachovaa bodaboda hakigharimu kitu ukilinganisha na shafti. Kikae kwenye mlango, mahali ambapo mkono unafika kabla mguu haujagusa chini.

Abiria ndio wanaosahauliwa zaidi. Basi likiharibika, watu hushuka na kusimama ubavuni mwake, au hukaa kwenye kivuli chake, na akina mama wenye watoto hutandika kanga pale pale ukingoni. Kivuli cha gari bovu ni mahali pa hatari kubwa, kwa sababu likigongwa kwa nyuma linasukumwa mbele na pembeni, juu ya waliojificha jua. Pandeni kingo, mvuke mtaro, mwende upande gari linakotoka ili likisukumwa liwakimbie. Konda anayewaambia abiria wakae ndani wasubiri, usiku, basi likiwa na nusu ya mwili ndani ya njia, asisikilizwe.

Na mawe. Gari likipona saa tano usiku, kila mtu amechoka na ana hamu ya kuondoka, mawe hubaki. Saa sita anapita kijana wa bodaboda amembeba mgonjwa. Polisi wakija watakuta pikipiki, jiwe na damu, na Fuso iliyoacha jiwe imeshafika Nyakanazi. Utingo anayeondoa mawe yake amefanya kazi kubwa kuliko fundi aliyefunga shafti.

Nisiwabebeshe madereva mzigo wote. Dereva wa Fuso hawezi kuegesha nje ya njia kama nje ya njia ni mtaro wa zege. Barabara ya milima inahitaji sehemu za dharura za kusimama, hasa kwenye miinuko mirefu ambako ndiko malori hufia, na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, wana uwezo wa kuziongeza mahali ambapo hazikuchorwa. Magari ya kuvuta nayo ni tatizo. Semitrela ikianguka au ikifa baina ya Kibondo na Kasulu, brekidauni mara nyingi husubiriwa toka mjini kwa makubaliano na kwa gharama ya mwenye gari, na wakati wa kuvutana kuhusu bei mzigo unabaki njiani. Kuliondoa gari barabarani upesi kunapaswa kuhesabiwa kama uokoaji, kama kuzima moto, bila kusubiri nani atalipa.

Turudi kwa umati, maana Segera haikuwa mara ya kwanza kwa watu kufa baada ya ajali kuonekana imekwisha. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakasogea, wengine kuchota petroli, wengine kuokoa, wengine kutazama tu, kisha moto ukalipuka. Siku ya kwanza tuliandika makumi ya waliokufa. Idadi ikapanda kila siku kadiri majeruhi walivyofariki katika hospitali ya Muhimbili, mpaka ikapita 100. Mjadala mkubwa ukawa juu ya waliochota mafuta na kama walistahili huruma. Niliumia kuusoma, kwa sababu ulifunika swali lililokuwa na faida kwa walio hai: tangu lori lilipolala mpaka lilipowaka, nani alikuwa na jukumu la kuwarudisha watu nyuma, na alikuwa na nini mkononi cha kufanyia kazi hiyo?

Kwingine swali lililoachwa lilihusu barabara yenyewe. Machi 11, 2015, eneo la Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi na zaidi ya watu 40 wakafa. Katika maelezo ya ajali ile lilitajwa shimo barabarani ambalo lori lilikuwa likilikwepa. Shimo ni chanzo kilichochimbika siku nyingi kabla ya asubuhi ile, na lina wahusika wake. Lakini kichwa cha habari hakikuwa na nafasi ya shimo. Juni 2018 basi liligongana na treni pale Gungu, Kigoma mjini, na watu 10 wakapoteza maisha. Dereva alizungumzwa sana. Kuhusu makutano yenyewe ya reli na barabara, alama zake na kizuizi chake, nilitegemea kusoma makala wiki moja baadaye, mwezi mmoja baadaye, mwaka mmoja baadaye. Sikuyaona.

Waandishi wenyewe wamekufa barabarani. Januari 11, 2022, gari lililobeba waandishi wa habari katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Hiace ya abiria huko Busega, Simiyu, na watu 14 wakafa, wakiwamo wenzetu waliokuwa kazini. Tuliwalilia kwa majina, tukachapa picha zao, tukaeleza walikosomea na waliowaacha nyuma. Ilikuwa haki yao. Abiria wa ile Hiace nao walikuwa na majina na waliowaacha. Msomaji, wangapi kati yao unawakumbuka?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 mwongozo kwa waandishi kuhusu kuripoti usalama barabarani, na hoja yake kuu ni kwamba vifo vya barabarani viandikwe kama jambo la afya ya umma lenye sababu na kinga, na mwandishi asiishie kwenye tukio moja moja. Shirika hilo hilo katika ripoti yake ya 2023 lilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa kwa mwaka duniani, na asilimia 92 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu tumewazoesha wasomaji kusikia kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu upande mmoja, na dereva mshenzi upande mwingine. Namwamini Mungu. Siamini kwamba Yeye ndiye aliyeweka tawi hatua nne nyuma ya Fuso.

Kutaja mwendo kasi peke yake kuna madhara ambayo wengi hatuyaoni. Dereva mwangalifu akisoma kwamba wanaokufa ni wale wanaokimbia, anajiona yuko salama. Utingo akisoma hivyo, haoni jina lake popote katika habari. Mhandisi haoni la kwake, mwenye kampuni anayelipeleka gari safarini na betri chovu haoni la kwake, na Halmashauri haioni la kwake. Kila mmoja analikunja gazeti akiwa amemlaumu maiti. Tena picha za miili zinazosambazwa simu kwa simu kabla familia hazijapigiwa zinatutia hofu ya saa moja, na hazimfundishi mtu kuweka pembetatu.

Habari nzuri ya ajali haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kupiga simu ya pili na ya tatu. Mwandishi aliyeko Kasulu anaweza kumuuliza mwenye kibanda cha chai karibu na tukio: lile lori lilikuwa hapa tangu lini? Huyo ndiye shahidi, kwa sababu alikuwa akiwauzia chai. Anaweza kumuuliza Kamanda kama pembetatu zilikutwa na ziko umbali gani, kama taa za nyuma zilikuwa nzima, kama kuna ajali nyingine zilizotokea kona ile ile mwaka huu. Anaweza kumuuliza meneja wa TANROADS wa mkoa kama sehemu ya kusimama ipo. Na wiki sita baadaye anaweza kwenda mahakamani kuona kesi imefikia wapi, na hospitali kuuliza idadi ya mwisho, kwa sababu idadi ya siku ya kwanza si idadi.

Kwa makamanda wa polisi ninaomba jambo moja jepesi: kila taarifa ya gari lililogonga gari jingine lililosimama iseme lilikuwa limesimama kwa muda gani na limewekewa alama gani. Mkianza kulisema, waandishi watalichapa, na madereva watajua kwamba linatazamwa. Wahariri wenzangu, msiipokee habari ya aina hiyo bila mistari hiyo miwili. Irudisheni kwa mwandishi, na mlipeni nauli ya kwenda kuitafuta. Na wewe utakayesafiri kesho kutoka Kakonko kwenda Kigoma, basi likiharibika shuka, vuka mtaro, panda kingo, na mwambie konda apeleke pembetatu nyuma hatua 100 kabla hajamfungulia fundi boneti.